Mjumbe Aliyeuawa Chini ya Boneti

Kijana wa kisa hiki hana jina, kwa sababu ukienda kijiwe chochote cha madereva jijini Dar es Salaam utamkuta, na kila mmoja atakuapia kwamba si yeye. Anaendesha Toyota IST ya mama mmoja muuguzi, kwa mkataba. Kila Jumapili jioni anapeleka hesabu, na muda waliokubaliana ukitimia gari litakuwa lake. Katika mikataba ya namna hii matengenezo madogo ni ya dereva, makubwa ni ya mwenye gari, na ugomvi wote unakaa hapo katikati.

Asubuhi moja ile taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi na haikuzima. Gari lilikuwa linatembea vizuri tu. Kilichobadilika ni silensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta: wakisimama kwenye foleni, injini ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe bila kuguswa, na wese lilikuwa linakwisha mapema kuliko kawaida. Barabarani, mguu ukishakanyaga mafuta, hakuna abiria ambaye angejua kuna jambo.

Kijana hakwenda gereji. Alikuwa na kidude chake cha buluu, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu bila waya. Vidude hivi vimezagaa Kariakoo. Vingi vimeandikwa ELM327, jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ingawa vya bei ya chini kwa kawaida vimebeba nakala tu ya chipu hiyo. Kwa kazi ya kusoma misimbo vinatosha, likikubali gari. Nasema likikubali kwa sababu baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi ya matundu 16 kama mengine yote, na ukichomeka kidude yanakaa kimya. Soketi inafanana, lugha ni nyingine. Wengi wamevitupa vidude vizima jalalani kwa kutojua hilo.

La kijana lilikubali. Simu ikamwonyesha herufi moja na tarakimu nne: P0171. Akaiandika mtandaoni, akagusa jibu la kwanza, akasoma mistari miwili, jicho likakutana na maneno "sensa ya oksijeni". Yakamtosha. Akampigia mama mwenye gari.

"Shikamoo mama. Mashine imesema sensa ya oksijeni imekufa."

"Marahaba. Imesema imekufa?"

"Imesema, mama. Namba yake ninayo hapa."

Mashine haikusema hivyo. Mama aliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, lakini aliyeulizwa alikuwa ameshajiamini kwa sababu mkononi ana namba, na namba ina namna ya kumfanya mtu aonekane anajua. Pesa ikatumwa kwa simu kabla ya saa sita mchana.

Tuisome hiyo namba kama alivyotakiwa kuisoma yeye. Herufi ya mwanzo inataja sehemu ya gari: P ni injini na giaboksi, B ni bodi na vilivyomo ndani yake kama mikoba ya hewa, C ni chesisi, yaani breki, usukani na jamaa zao, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine ndani ya gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana ya msimbo ni moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, msimbo ni wa mtengenezaji mwenyewe, na hapo usithubutu kutafuta maana bila kutaja aina ya gari. P1349 kwa Toyota unahusu mfumo wa kubadili muda wa valvu, ule unaoandikwa VVT-i. Ukiukuta kwenye gari la kampuni nyingine usidhani unazungumzia kitu kilekile. Tarakimu ya pili inakupeleka kwenye mfumo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni uwashaji na kumisi (silinda kushindwa kuunguza mafuta yake), 4 ni vifaa vya kupunguza sumu ya moshi, 5 ni mwendo na silensa, 7 na 8 ni giaboksi. Mbili za mwisho ndizo zinazotaja tatizo lenyewe.

Kwa hiyo P0171 ni injini, msimbo wa wote, hewa na mafuta, tatizo namba 71. Maneno yake kamili ni kwamba mchanganyiko wa benki ya kwanza ni mwembamba mno, maana yake hewa imezidi au mafuta yamepungua. Benki ya kwanza ni ule upande wa injini wenye silinda namba moja, na kwa injini ya IST yenye silinda nne mstari mmoja, benki ni hiyohiyo moja. Hakuna mahali popote katika msimbo huo panaposema sensa imekufa. Tena msimbo huu huandikwa kwa sababu sensa ilikuwa hai na ikafanya kazi yake.

Injini ya petroli inataka uzito wa hewa uwe karibu mara 14.7 ya uzito wa mafuta. Hewa inapoingia inapita kwenye sensa ya hewa iliyoko jirani na chujio, na sensa hiyo inaiambia kompyuta imepita kiasi gani. Kompyuta inapiga hesabu na kufungua nozeli kwa muda unaolingana. Moshi ukitoka, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inanusa kilichobaki. Ikikuta oksijeni nyingi inatoa taarifa kwamba mafuta hayakutosha, na kompyuta inaongeza kidogo. Kesho ikiona bado, inaongeza tena, na nyongeza hiyo inawekwa kwenye kumbukumbu kwa asilimia. Ina kikomo chake, ambacho kwa magari mengi ni karibu asilimia 25 au zaidi kidogo. Kikifikiwa, kompyuta inakata tamaa na kuandika P0171.

Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyokimbia kutoka kwenye ekzosi kuleta habari kwamba mle ndani kuna hewa isiyo na hesabu, na kijana akaenda kwa wauza vipuri wa Gerezani kumnunulia jeneza. Alipata sensa ya mtumba, imekwanguliwa masizi hadi inang'aa. Muuzaji alimpunguzia bei kwa sharti la kuiacha ile ya zamani.

Fundi wa kijiweni akaifunga, akaomba kidude, akabonyeza kufuta. Taa ikazima. Kijana akapiga picha ya dashibodi na kumtumia mama, na mama akajibu kwa alama ya mikono inayoomba dua.

Katika kisa chote hiki, hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko pesa yenyewe ya sensa. Msimbo unapoandikwa, kompyuta huhifadhi pamoja nao picha ya ile dakika: gari lilikuwa kwenye kasi gani, injini ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto gani, mzigo wa injini ulikuwaje, na mara nyingi hata ile asilimia ya nyongeza ya mafuta. Mpelelezi yeyote angetoa macho kwa ushahidi kama huo. Kitufe cha kufuta kinafuta msimbo na picha yake kwa pamoja. Kinafuta pia kumbukumbu ya nyongeza, na kompyuta inaanza kujifunza upya kutoka sifuri. Kuchomoa waya wa betri, ambako mafundi wengine wanakuita tiba, kwa magari mengi kunafanya hayohayo, na kunakuondolea na stesheni za redio.

Ndiyo maana taa ilizima. Tatizo halikuondoka. Kompyuta ilikuwa imesahaulishwa, na ilihitaji muda kukifikia tena kile kikomo. Juu ya hapo, kwa hitilafu nyingi za aina hii haitoshi kuonekana mara moja, taa huwashwa tu zikionekana katika safari mbili zinazofuatana. Kijana akahesabu ukimya huo kuwa ni kupona. Alipokuwa amelisahau jambo lenyewe, taa ikawaka, namba ileile.

"Mama, hii sensa ya mtumba nayo ni mbovu. Ila fundi anasema inaweza kuwa pampu ya mafuta."

Simlaumu kijana kwa kununua kidude. Amefanya zaidi ya wengi wanaobandika kipande cha solotepu nyeusi juu ya taa ili isiwasumbue macho. Na fundi hakukosea alipotaja pampu, kwa sababu pampu iliyochoka nayo hufanya mchanganyiko uwe mwembamba, vilevile chujio la mafuta lililoziba, nozeli chafu, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Alichokosea ni kuitaja na kuifungua siku hiyohiyo bila kipimo hata kimoja katikati. Msimbo ulimpa orodha ya washukiwa, yeye akaanza kuwafunga mmojammoja kwa gharama ya mama.

Pampu ikabadilishwa. Msimbo ukafutwa. Taa ikarudi.

Kisha injini ikaanza kumisi ikiwa silensa, hasa asubuhi, na kidude kikaja na namba mpya juu ya ile ya kwanza: P0300, kumisi kusiko na silinda maalumu. Ingekuwa P0301 ingemaanisha silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Sifuri mwishoni ni dokezo kubwa: silinda zinapokezana kumisi, kwa hiyo chanzo kinaelekea kuwa kitu zinachogawana zote, kama hewa au mafuta. Lakini kijiweni misi ni plagi na koili, na IST ina koili nne. Zikanunuliwa zote nne na plagi nne, kwa sababu fundi alisema ukibadilisha moja nyingine zitaona wivu.

Niseme neno kuhusu kumisi kabla hatujaendelea, kwa kuwa hapa kuchelewa kunagharimu. Kwenye magari yanayofuata utaratibu huu wa misimbo, misi ikiwa kali kiasi cha kuharibu, taa ya injini haikai ikiwaka tu, inapepesa. Petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya kile kichujio cha moshi chenye matundu kama sega la nyuki, ambacho kinapata joto hadi kuyeyuka ndani. Taa iliyotulia inakupa nafasi ya kumaliza safari yako na kutafuta fundi. Inayopepesa inakutaka utoe mguu kwenye mafuta sasa hivi na usimame pembeni.

Ukoo mzima wa misimbo hii ulizaliwa kwa ajili ya moshi, na anayelijua hilo hatishwi na taa wala haidharau. Jimbo la California, lililokuwa limechoshwa na ukungu mchafu wa Los Angeles, ndilo lililoanza kulazimisha magari mapya yajipime yenyewe, kwa magari ya modeli ya 1988. Awamu ya pili, yenye soketi moja na misimbo ya pamoja, ikawa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia modeli ya 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli miaka mitatu baadaye. Kompyuta iliwekwa kulinda hewa ya mji, na mfuko wako haukuwa kwenye ajenda. Ndiyo maana taa inaweza kuwaka kwa sababu ya kifuniko cha tangi kisichokaza vizuri wakati gari linakimbia kama kawaida, na ndiyo maana kuna uchakavu mwingi wa gari ambao taa haitausemea kamwe: bushi, boljointi, tairi lililokwisha upande mmoja.

Hicho kichujio cha moshi nacho kina wapenzi wake. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na wako watu wanaopita gereji kwa gereji kuyanunua. Gari likionyesha P0420, msimbo unaosema kichujio hakisafishi inavyotakiwa, mwenye gari huambiwa haraka kwamba dawa ni kukikata na kuunga bomba tupu, tena atalipwa kidogo. Msimbo huo nao unaweza kuletwa na ekzosi inayovuja au na misi ya muda mrefu isiyotibiwa. Gari la mama halikuwa na P0420, lakini mtu wa kukata alijitokeza, kama wanavyojitokeza, akisema kikiondolewa gari litapumua. Mama alikataa. Alisema kama ni cha bure, mbona anayekitaka amekuja na pesa mkononi.

Ni mama huyohuyo aliyesema sasa basi, gari liende kwa mzee mmoja wa Ilala aliyewahi kumtengenezea marehemu mumewe Corolla. Kijana akalipeleka kwa shingo upande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"P0171 na P0300, mzee."

"Sijakuuliza namba. Gari inasumbua nini?"

Kijana akaeleza silensa, wese, misi za asubuhi. Mzee akauliza kama barabara kuu inapokimbia kuna shida yoyote. Hakuna. Akauliza picha ya msimbo wa mara ya kwanza, siku ile taa ilipowaka. Imefutwa. Ya pili? Imefutwa. Mzee akatikisa kichwa, akachukua kidude cha buluu kilekile, hakuwa na mashine ya ajabu, na badala ya ukurasa wa misimbo akafungua ukurasa wa takwimu hai, ambao kijana hakuwahi kuugusa tangu akinunue.

Akawasha injini, akaacha ipate moto. Ikiwa silensa, nyongeza ya mafuta ilisoma asilimia 24. Akamwambia kijana akanyage taratibu hadi mzunguko wa 2,500 na aushikilie hapo. Namba ikaanza kushuka: 15, 9, ikatulia kwenye 4. Akamwambia aachie. Ikapanda tena.

"Umeona?"

"Nimeona inashuka, mzee. Lakini sijaelewa."

"Pampu ikichoka, injini ikitaka mafuta mengi ndiyo inashindwa kuleta. Hiyo namba ungeiona inapanda ukikanyaga. Hii inashuka. Kwa hiyo mafuta yapo, ila kuna hewa inaiba njia."

Alichokuwa anakisema ni hiki. Injini ikiwa silensa, kizuizi cha hewa kimefungwa karibu chote, na ndani ya manifodi kuna mvuto mkali. Ufa mdogo wowote baada ya sensa ya hewa unafyonza hewa ambayo haikuhesabiwa, na kwa kuwa hewa halali ni kidogo, hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi, mvuto unapungua, na wizi uleule unakuwa si kitu. Ndiyo maana kosa lilionekana kwenye foleni na kupotea barabarani. Kijana alikuwa na habari hii tangu siku ya kwanza, kwenye silensa yake inayopanda na kushuka, kabla hajachomeka kidude chochote.

Mzee akavuta karibu mtungi wa kuzimia moto, akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akaanza kupuliza kidogokidogo kwenye maungio ya mipira, mbali na ekzosi ya moto. Dawa hiyo huwaka, na asiye na mtungi karibu asijaribu. Mbele ya manifodi, kimya. Kwenye mpira mkubwa wa hewa, kimya. Alipopuliza nyuma, chini, ambako mkono unaingia kwa kukwaruzwa, injini ikabadilika sauti papo hapo. Akachomoa mpira mfupi uliopinda, ule unaorudisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini kwenda kwenye manifodi. Kwa juu ulikuwa mzima. Upande wa chini, kwenye kona, joto la miaka lilikuwa limeukausha ukapasuka, ukipinda unafumbuka kama mdomo.

Mpira mpya ulipatikana mtaa wa pili kwa pesa ambayo kijana alikuwa anatumia kwa chakula cha mchana. Ulipofungwa, nyongeza ikaanza kurudi chini. Silensa ikakaa. Mzee hakufuta kitu mpaka alipomwambia kijana atoe simu, apige picha misimbo yote miwili na ukurasa wa ile dakika iliyohifadhiwa. Akamwambia pia kwamba IST iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, na kwamba akitafuta maelekezo ya injini yake kwa jina hilo atapata mengi kuliko yale ya kijiweni.

Lakini alipotazama tena takwimu, uso ukabadilika. Sensa ya oksijeni, ambayo ikiwa nzima na moto husoma ikipanda na kushuka haraka, ilikuwa inajikokota. Inapanda, inatafakari, inashuka.

"Hii sensa si ya hili gari."

"Ni ya mtumba, mzee. Nilinunua Gerezani."

"Ile iliyokuja na gari ilikuwa na ubaya gani?"

Kijana hakuwa na jibu.

"Iko wapi?"

"Nilimwachia muuzaji. Alinipunguzia bei."

"Basi mfuate kabla hajaiuza."

Akapanda bodaboda kwenda Gerezani. Muuzaji alikuwa nayo bado, imeshasafishwa na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni, ikining'inia ukutani na wenzake. Kijana akaitambua kwa alama ya bisibisi kwenye shingo. Akaeleza kwamba ile ni ya kwake. Muuzaji akaiangalia, akamwangalia na yeye, akasema hiyo ni orijino kabisa, imetoka kwenye gari ambalo halijachoka, na bei yake ni juu kidogo ya zile nyingine.

Wakaanza kupatana.